Kilwa Mbili na Orodha Moja

Siku yangu ya kwanza kazini walinipa taipureta, kiti kisicho na mgongo, na kitambaa. Nilidhani kitambaa ni cha kufutia wino. Kumbe kilikuwa cha kufutia vumbi la kisense. Hospitali yetu ndogo ilijengwa karibu na mchanga ambapo akina mama wa Kashikishi, hapa Zambia, huanika visamaki hivyo, na upepo wa mchana ulipotoka ziwani kila karatasi mezani ilipata unga wake na harufu yake. Mgonjwa aliyepelekwa hospitali kubwa na karatasi zetu, huko walijua ametoka wapi kabla ya kuzisoma.

Haya nawaandikia ninyi mnaobaki katika chumba cha rejista, na wale mlioajiriwa kambi ya wakimbizi ya Mantapala mnaoandikisha watu kwenye tableti. Wengi wenu mmenisikia nikikataa fomu zenu bila kueleza sana. Kazini sikuwa na muda wa kueleza. Sasa ninao, tena wa kutosha. Habari za vyeo na mishahara naziacha, kwa kuwa hazina mafundisho.

Nilizaliwa Pweto, ng'ambo ya ziwa, Kongo. Baba alikuwa Mkongo, mama Mbemba wa Kashikishi. Nilikuwa na Kifaransa cha shule, Kibemba cha jikoni kwa mama, na Kiswahili cha gati na soko, na ndiyo sababu niliajiriwa. Wagonjwa wengi walivuka ziwa kutoka Kongo, na hospitali ilihitaji mtu wa kuwaandika bila kuwageuza majina. Wakaniita Ba Ngoie, kwa ile Ba ya heshima ya Kibemba, na nikabaki Ba Ngoie mpaka nilipostaafu na kukabidhi ufunguo.

Aliyenifundisha kazi hakuwa karani. Alikuwa muuguzi wa kifua kikuu, Ba Mwansa, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulio mbali. Aliuliza, akasikiliza, akarudia kwa sauti alichosikia, ndipo akaandika. Mimi, msichana niliyejiona mwepesi, niliandika mgonjwa akiwa bado anaongea. Alininyang'anya kalamu mbele ya watu.

"Usiandike unachofikiri," alisema. "Andika alichosema."

Kifua kikuu kina dawa, na dawa zake ni za miezi mingi. Wakati ule mgonjwa alilala wodini mwanzoni, kisha akarudi nyumbani na kupokea pakiti ya kila mwezi. Akikatisha katikati ugonjwa hurudi, na ukirudi huwa mkaidi zaidi. Kwa hiyo kwa Ba Mwansa swali la mahali anapokaa mtu lilikuwa sehemu ya dawa yenyewe.

Kompyuta ilikuja katika nusu ya pili ya miaka ya tisini, ndani ya sanduku lililofungwa imara kuliko jeneza. Tulimshonea kitambaa cha chitenge, tukamfunika kila alasiri. Nasema "tulimshonea" kwa sababu tulimtendea kama mgeni mwenye afya dhaifu. Pamoja naye alikuja Bwana Simukonda, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kompyuta za mgodi kule Kitwe mpaka migodi ilipoanza kuuzwa na watu kurudishwa nyumbani. Alikuwa mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na alijua kazi yake sawasawa. Alizungumza nami Kibemba. Hapa nayaweka maneno yake kwa Kiswahili.

Hakuridhika niwe wa kupiga chapa tu. Alitaka nijue kutengeneza fomu, yaani ule ukurasa wa kwenye skrini ambao karani anaujaza na majibu yakaingia katika rejista ya ndani. Somo lake la kwanza lilinishangaza kwa udogo wake: kabla ya kuweka swali, amua mtu atalijibu kwa kitu gani. Majibu yakiwa machache, na mtu hawezi kuwa na zaidi ya moja, weka vitufe vya duara, vyote vionekane, ukibonyeza kimoja kingine kinazimika. Mwanamume, mwanamke. Amelazwa, hakulazwa.

Nilivipenda vitufe hivyo mno. Nikaviweka hata kwenye dalili za ugonjwa. Ba Mwansa alikuja kuangalia, akabonyeza kikohozi, kisha homa. Kikohozi kikazimika. Akabonyeza kikohozi tena, homa ikatoka.

"Mashine hii inaponya kuliko mimi," alisema, akacheka mpaka akashika ukuta.

Dalili zikahamia kwenye visanduku vya tiki, ambavyo unatia alama vingi unavyotaka. Hilo halijanitoka tena. Nikiona fomu mpya, bado naanza kwa kuuliza: huyu mtu anaruhusiwa kuwa na majibu mawili?

Mahali anapokaa mtu palitupa shida zaidi. Mwanzoni tuliweka sanduku tupu la kuandika, na kila karani akaandika alivyosikia. Kashikishi peke yake ikawa na sura nyingi: yenye h, isiyo na h, yenye k mbili. Mununga ikapoteza herufi, ikapewa nyingine. Tulipoiomba mashine ituhesabie wagonjwa wa kila kijiji, ilituletea vijiji ambavyo havijawahi kuwa na mtu. Ndipo Bwana Simukonda akaweka orodha kunjuzi, ile inayokaa imefungwa, ukiibofya inashuka na majina yote ndani. Hukubaliwi kuandika lisilomo. Tena ilikuwa na akili yake: ukianza herufi chache, yenyewe inajaza jina la kwanza linalofanana, nawe unabonyeza Enta na kwenda mbele. Foleni ikapungua, herufi zikanyooka. Ilikuwa kazi nzuri, na mpaka leo nasema ilikuwa kazi nzuri.

Mwaka 1998 vita vikawaka upya ng'ambo. Wanaume waliogopa kuvuka, maana wenye bunduki waliwasimamisha ufukweni. Wanawake wauza samaki ndio waliopita bado, wakiwa na vikapu na maneno mengi. Ba Mwansa akapanga kwamba wagonjwa wasioweza kuja, dawa ziwaendee. Kila mwezi mashine ilichapa majina kwa kufuata mahali. Pakiti za visiwani alipeleka Ba Chola, dereva wa mashua ya hospitali. Za Kongo walibeba akina mama wa samaki tuliowaamini, wakamkabidhi muuguzi wa kule.

Ba Chola akaanza kurudi na pakiti zilizokosa wenyewe.

"Ba Ngoie, ule Kalenga hakuna," aliniambia kwa Kiswahili chake cha biashara. "Nimeuliza kisiwa yote. Banasema hawamujue."

Mwezi uliofuata alirudi nazo tena, za Kalenga na za wengine. Katika fomu kulikuwa na orodha nyingine fupi, ya hali ya mgonjwa: anaendelea, amepona, ameacha dawa, amefariki. Mgonjwa asiyepatikana kwa muda uliowekwa, kanuni ilisema achaguliwe "ameacha dawa". Tukamchagulia.

Baada ya hapo akaja Mama Feza.

Alikuwa mke wa Kalenga, muuza samaki, mwenye kitambaa cha kichwa kilicholowa maji ya ziwa. Alikuwa amepita kwanza dirisha la kifua kikuu, wakamsomea karatasi kwamba mume wake ni miongoni mwa walioacha dawa, wakamtuma kwangu. Alisimama mlangoni, akajaza mlango.

"Ni nani njo aliandika bwana yangu aliacha dawa?"

"Karibu, mama. Ukae kwanza."

"Sitakaa. Mi niko na mugonjwa mu nyumba. Kila mara mashua inafika, tunashuka ku mayi kuuliza: dawa ya Kalenga iko? Banasema hakuna. Leo nakuya hapa, munaniambia aliacha. Kintu hamukumupa, atakiacha namna gani?"

Nilifanya alichonifundisha Ba Mwansa. Niliuliza.

"Munakaa wapi, mama?"

"Kilwa."

Nilifungua ukurasa wa Kalenga. Kilwa, ndiyo. "Kule kisiwani, munakaa karibu na nani?"

"Kisiwani?" Aliniangalia kama niliyepotewa na akili. "Mi sina mutu ku kisiwa. Kilwa! Kilwa ya Kongo, pa misioni."

Kwa msiotoka huku, niseme wazi. Kuna Kilwa mbili katika ziwa hili. Moja ni kisiwa, na kisiwa hicho ni cha Zambia. Nyingine ni mji ulio nchi kavu upande wa Kongo. Watu wa pande zote mbili husema "Kilwa" tu, kwa sababu kila mmoja anajua ametoka wapi.

Niliibofya orodha ikashuka. Zilikuwamo zote mbili, moja juu ya nyingine: Kilwa Island, na chini yake Kilwa Zaire. Nchi ilikuwa imeshabadilisha jina, orodha yetu bado. Nikaifunga, nikaandika herufi tatu za mwanzo kama tulivyozoea. Mashine ikajaza Kilwa Island yenyewe, kabla sijavuta pumzi. Karani mwenye foleni angebonyeza Enta, na wote walibonyeza Enta.

Niliiomba mashine inionyeshe wagonjwa wote wa Kilwa Zaire. Ukurasa ulikuja mweupe. Tangu kompyuta ilipofika, hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuugua Kilwa ya Kongo. Na sisi, kila mwezi ukurasa ule ulipotoka mweupe, tulikuwa tumesema: ni vita, watu wa kule hawavuki.

"Mama," nilimwambia, "bwana yako hakuacha dawa. Dawa yake ilikuwa inaenda fasi ingine."

Akauliza kwa sauti ndogo, si ile ya mlangoni, "Na sasa? Anakohoa damu."

Nilimwita Ba Mwansa, naye hakupoteza neno. Pakiti za mwezi hazingetosha tena. Kalenga lazima aje mwenyewe, apimwe makohozi, aanze upya, alale wodini. Mama Feza alisema wanaume hawavuki. Ba Mwansa akamjibu kwa Kiswahili alichokuwa nacho: "Mugonjwa si mwanaume. Mugonjwa ni mugonjwa. Mulete." Mama Feza akaenda zake gatini bila kuaga.

Sisi tukabaki na fomu. Mkubwa wa utawala aliposikia, alitaka tubandike karatasi ukutani: makarani wawe waangalifu. Bwana Simukonda alivua miwani yake.

"Mtu mmoja akikosea, ni mtu," alisema. "Wakikosea wote kosa lile lile, ni fomu. Na fomu ni yangu, nitaitengeneza."

Tulikaa naye siku kadhaa. Tulifikiri kuandika majina marefu zaidi ndani ya orodha, lakini mashine ingeendelea kujaza la kwanza. Tulifikiri kuizuia isijaze, lakini kidole kilichozoea hushuka kwenye la juu. Mwishowe tukaona kwamba tatizo halikuwa orodha kuwa mbaya. Tulikuwa tumeweka maswali mawili katika swali moja. Upande wa ziwa ni swali la majibu mawili, kwa hiyo linataka vitufe vya duara, vikubwa, juu ya ukurasa. Kijiji ni swali la majibu mengi, linataka orodha. Na orodha isifunguke mpaka kitufe kibonyezwe, na ikifunguka ilete vijiji vya upande huo tu. Baada ya hapo Kilwa mbili hazikuweza tena kukutana katika orodha moja. Zaire nayo tuliipa jina lake jipya.

Hapo mkubwa wa utawala alikuja na ombi. Wagonjwa wengi ni wa Zambia, alisema, basi kitufe cha Zambia kiwe kimebonyezwa tayari, karani aokoe muda.

"Hapana, bwana," nilisema.

Bwana Simukonda aligeuka kuniangalia. Nilikuwa sijawahi kumkatalia mkubwa yule kitu.

"Ni kubonyeza mara moja tu, Ba Ngoie."

"Ndiyo, bwana. Na kwa sababu ni mara moja tu, karani abonyeze. Kitufe kilichobonyezwa tayari ni jibu la mashine. Mimi nataka jibu la mgonjwa. Kikiwa kitupu, karani analazimika kufungua mdomo na kuuliza."

Alibisha kuhusu foleni. Nikamwambia Mama Feza atarudi, na akirudi, yeye bwana ndiye atakayemweleza habari za foleni. Vitufe vikabaki vitupu. Viko vitupu hadi leo, na ninyi mnaolalamika kwamba fomu yangu haina majibu ya tayari, sasa mnajua yalikoishia.

Mama Feza alirudi kweli. Ba Chola alikuja kuniita, nikashuka naye ufukweni Kashikishi mchana, katikati ya samaki na kelele. Kalenga alikuwa amelala ndani ya mashua ya wachuuzi, sakafuni, juu ya magunia matupu, amefunikwa wavu. Alikuwa fundi wa kushona nyavu, mwenye mikono mikubwa juu ya mwili uliokwisha. Akina mama waliokuja naye walikuwa wameketi kumzunguka njia nzima, vikapu magotini, ili mwenye bunduki akiangalia aone samaki tu.

"We njo mama wa masini ya kuandika?" aliniuliza, akikohoa.

"Ni mimi, baba."

"Basi uniandike vizuri. Nimevuka kama kisense."

Wodini, alipopata pumzi, alitusaidia kuliko kitabu chochote. Alitutajia wenzake waliokuwa wakishuka pamoja naye ufukweni kwao kungoja dawa: mvuvi fulani, binti wa katekista, na mwalimu wa shule ya msingi aliyeitwa Mado. Akina mama wa samaki wakapeleka habari, wakaleta habari. Mvuvi alikuja. Binti wa katekista alipelekewa dawa kwa muuguzi wa kule, safari hii Kilwa yenyewe. Mwalimu Mado alikuwa ameshazikwa.

Ba Mwansa alikaa kwenye kile kiti changu kisicho na mgongo, akaniomba nifungue ukurasa wa Mado. Uliandikwa: ameacha dawa.

"Ondoa," alisema.

Nilichagua "amefariki". Kisha nikaona haitoshi, kwa kuwa walikuwapo wengine ambao habari zao hazijaja, nao wameandikwa vilevile. Neno "ameacha" lilimtupia mgonjwa lawama yote, na fomu haikumpa karani neno lingine la kuchagua. Nilimwuliza Bwana Simukonda kama naweza kuongeza jibu katika orodha ile fupi. Akaniachia kiti. Nikaandika jibu la tano: hatukumfikia. Mkubwa wa utawala alisema litaonekana vibaya kwenye ripoti. Ba Mwansa alimjibu kwamba litaonekana, na hilo ndilo analotaka. Mwezi uliofuata tulikuwa na majina kadhaa chini ya jibu hilo, na Ba Chola aliondoka nayo mfukoni akaulizia visiwani, na kule ng'ambo kupitia akina mama wa samaki. Aliwapata karibu wote.

Kalenga alilala wodini mpaka akaanza kuwagombeza wauguzi, ishara nzuri. Siku ya kutoka alikuja dirishani kwangu, Mama Feza yuko nyuma yake, ili niandike pakiti zake za kila mwezi ziende wapi. Nilifungua fomu mpya, nikajivunia vitufe vyangu viwili.

"Baba, unakaa upande gani wa ziwa?"

Alifikiri. "Inategemea, mama. Feza eko nauzisha samaki huku. Mi nashona nyavu fasi bananiita. Nyumba iko kule, lakini batoto tumebaleta huku juu ya vita. Leo huku, kesho kule, navuka kama kisense."

"Vitufe ni viwili, baba. Nichague kimoja."

"Sasa unauliza nyumba ao unauliza dawa?"

Nilibaki na kidole hewani. Nilikuwa nimechagua kitu sahihi cha kujibia, nikakiweka mahali sahihi, nikakitetea mbele ya mkubwa, na swali lenyewe lilikuwa bado si swali nililotaka kujua.

"Ngoja kidogo," nilimwambia. Nilifungua fomu kwa ndani, nikafuta maneno yaliyokuwa juu ya vitufe, nikaandika mengine. Kisha nikamsomea: "Dawa ikufuate upande gani?"

"Huku," alisema bila kufikiri. "Feza atazichukua kwako mwenyewe."

Alizichukua, kila mwezi, na kila mwezi alinieleza ni wapi mume wake anashona nyavu wiki hiyo, ingawa fomu haikuuliza. Mwisho wa matibabu Kalenga alikuja kupimwa makohozi, na Ba Mwansa akatoka maabara akiwa ameinua karatasi juu kama tiketi ya basi. Nilichagua "amepona". Ba Chola alimwambia apande gari la hospitali, limfikishe sokoni kwa Feza. Kalenga akakataa. Alisema anataka kupanda ule mchanga hadi barabarani bila kusimama kupumua.

Nilisogea dirishani kumwangalia. Alipita kwenye mikeka ya kisense, akapanda mchanga, akafika barabarani. Hakusimama.